Nakala Rudufu Ipo, Lakini Je, Inasomeka?

Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi mmoja wa GitLab, kampuni inayotunza kazi za waandishi wa programu duniani kote, alikuwa akihangaika na seva mbili za hifadhidata. Seva ya pili, iliyopaswa kuifuata ya kwanza hatua kwa hatua, ilikuwa imebaki nyuma. Akaamua kufuta yaliyomo ili aianzishe upya. Amri akaiandika kwenye seva ya kwanza, ile waliyokuwa wakiitumia wateja. Alishtuka baada ya sekunde moja au mbili na kuikatiza, lakini kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimesalia gigabaiti 4.5.

Ajali ya kufuta kisichotakiwa kufutwa inaweza kumpata yeyote, na ndiyo sababu watu huweka nakala rudufu. GitLab walikuwa nazo, tena kwa njia kadhaa. Kila siku programu ya pg_dump ilitakiwa kutoa nakala ya hifadhidata nzima na kuipeleka kwenye hifadhi ya mtandaoni. Walipoifungua hifadhi hiyo hawakukuta kitu. Programu iliyokuwa ikiendeshwa ilikuwa ya toleo la 9.2 la PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata waliokuwa wakiutumia, ilhali hifadhidata yenyewe ilikuwa ya toleo la 9.6, hivyo kila ilipoanza kazi ilikataa na kusimama. Ilikuwa hata ikituma barua pepe kuripoti kwamba imeshindwa, lakini barua hizo hazikuwa na uthibitisho unaotakiwa, na seva ya barua ikawa inazikataa mlangoni. Utaratibu wa kupiga picha za diski, yaani kunakili hali yake yote ilivyo kwa wakati mmoja, ulikuwa umewekwa kwa seva za mafaili, haukuwekwa kwa seva za hifadhidata. Kilichowaokoa ni picha moja ya diski iliyochukuliwa kwa mkono muda wa saa sita kabla ya ajali, kwa shughuli nyingine kabisa. Kazi za saa sita hizo zilikwenda: miradi ipatayo 5,000, maoni yapatayo 5,000 na akaunti mpya zipatazo 700.

GitLab walichapisha habari hii yote, kosa kwa kosa, na wanastahili shukrani, kwa sababu ni mara chache sana taasisi kukubali kuufunua mzoga wake ili wengine wajifunze. Na mtu akiisoma kwa makini ataona kwamba mhandisi yule na amri yake ni sehemu ndogo ya kisa. Sehemu kubwa ni zile siku zote kabla ya hapo, ambazo kila mmoja aliamini nakala zipo kwa kuwa kazi ya kunakili ilikuwa kwenye ratiba.

Imani hiyo imetapakaa kwetu. Nenda kwenye ofisi ya SACCOS, zahanati, studio ya mpiga picha za harusi au chuo, uliza kama wanafanya bekapu. Utaonyeshwa diski ya nje ndani ya droo, au alama ya wingu kwenye kona ya kioo cha kompyuta. Ukiuliza ni lini mara ya mwisho mtu alichukua kitu kutoka kwenye diski ile akakifungua mahali pengine, mazungumzo huishia hapo. Kazi huhesabiwa imekwisha pale kunakili kunapokwisha. Msimamo wangu katika uchambuzi huu ni kwamba hapo kazi ndiyo kwanza imeanza. Uzima wa nakala ni jambo la kuthibitishwa tena na tena, na uwezo wa kuitengeneza ikiharibika huamuliwa siku ile inaponakiliwa. Uharibifu ukishatokea, fundi hutumia kile tu kilichotengwa kabla.

Tuanze na namna data inavyoharibika, maana watu wengi wanaijua njia moja tu. Diski inaanza kugonga, kompyuta inakataa kuwaka, mwenyewe anajua kapata hasara. Kifo cha namna hiyo kina nafuu yake, kwa sababu kinajitangaza. Hatari zaidi ni diski inayojibu kila inapoulizwa, bila lalamiko, na kutoa kitu ambacho sicho ulichoiwekea. Mwaka 2008 watafiti wa vyuo vikuu vya Wisconsin na Toronto pamoja na kampuni ya NetApp walichapisha matokeo ya kufuatilia diski milioni 1.53 kwa miezi 41. Walikuta zaidi ya mara 400,000 ambapo hesabu ya uhakiki ya kipande cha data (nitaieleza hapo chini) haikulingana na ile iliyotunzwa. Diski za bei nafuu zilikuwa na tatizo hili takribani mara kumi zaidi kuliko zile za daraja la juu. Na sisi, kwa kawaida, nakala rudufu tunaziweka kwenye diski za bei nafuu.

Watengenezaji wenyewe hawafichi. Kwenye karatasi za sifa za diski nyingi za kawaida huandikwa kwamba kosa moja la kusoma lisiloweza kurekebishwa linatarajiwa katika biti 100,000,000,000,000, ambazo ni kama terabaiti 12.5. Diski nyingi hufanya vizuri kuliko hapo, lakini mtu mwenye diski mbili tatu za terabaiti nne ameshalifikia eneo ambalo mtengenezaji hataki kumwahidi lolote.

Kumbukumbu ya kompyuta nayo hugeuka. Katika uchaguzi wa Ubelgiji wa tarehe 18 Mei 2003, kwenye eneo la Schaerbeek, mgombea mmoja alihesabiwa kura 4,096 zaidi ya zake. Kosa liligundulika kwa sababu hesabu ilizidi kile kilichowezekana. Namba 4,096 ni mbili iliyozidishwa yenyewe mara kumi na mbili, hivyo wataalamu walielewa upesi: biti moja, ya kumi na tatu, ilikuwa imetoka sifuri ikawa moja. Jambo kama hilo likitokea wakati faili linanakiliwa, nakala inazaliwa na ugonjwa, na diski italitunza kosa hilo kwa uaminifu uleule ambao ingelitunza jambo la kweli.

Halafu kuna flashi zilizoghushiwa, ambazo zimejaa kwenye meza za vifaa vya simu katika miji yetu. Zinastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa wanaoumizwa nazo ni wanafunzi wenye tasnifu na familia zenye picha za marehemu wao. Ndani ya flashi kuna kidhibiti kidogo kinachoiambia kompyuta ukubwa wa hifadhi. Mghushi hubadilisha maelezo ya kidhibiti hicho, na flashi yenye gigabaiti 16 ikajitangaza kuwa na 512. Ukiweka mafaili machache, yote yanafunguka. Ukivuka zile 16 za kweli, data mpya inaandikwa juu ya ile ya zamani au inatupwa, na bado orodha inaonyesha majina yote, ukubwa wote na tarehe zote. Kompyuta inasema imemaliza kunakili. Dawa yake ni kuijaribu flashi kabla ya kuipa amana yoyote, kwa programu kama H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac. Programu hizi huijaza flashi yote kwa data inayojulikana kisha huisoma yote tena na kulinganisha. Huchukua muda, wakati mwingine usiku mzima kwa flashi kubwa, na mwenye duka hatakuruhusu kukaa pale ukisubiri. Fanya nyumbani siku hiyohiyo, risiti ikiwa mkononi.

Flashi ile inatufundisha jambo linalohusu hata seva za mabenki: jina la faili kuonekana kwenye orodha ni ushahidi wa jina tu. Ili kujua yaliyomo ni mazima, lazima yasomwe yote, na lazima kuwe na kitu cha kuyalinganisha nacho.

Kitu hicho ndicho hesabu ya uhakiki. Programu inalipitia faili kuanzia baiti ya kwanza hadi ya mwisho na kutoa namba fupi inayoliwakilisha. Kwa njia iitwayo SHA-256, namba hiyo huandikwa kwa herufi na tarakimu 64, iwe faili ni barua ya ukurasa mmoja au video ya harusi ya saa nane. Ukibadilisha nukta moja ndani ya barua, namba inageuka yote. Kwenye Linux amri yake ni sha256sum. Kwenye Windows, certutil hufanya kazi hiyo. Mtu anatengeneza orodha ya mafaili yake yote pamoja na namba zake siku ya kuyahifadhi, anaiweka orodha kwenye nakala na mahali pengine mbali na nakala, na baada ya miezi mitatu anaiambia programu isome upya na kulinganisha. Kila faili zima litapewa alama ya kupita, na lile lililobadilika litatajwa kwa jina. Wapo wanaotumia bado njia ya zamani ya MD5, ambayo watafiti wa China waliionyesha mwaka 2004 kwamba inaweza kudanganywa na mtu mwenye nia mbaya. Kwa uharibifu wa bahati mbaya inatosha, lakini kwa kuwa SHA-256 haigharimu chochote zaidi, sioni sababu ya kubaki nyuma.

Ila hapa watu wengi hupumzika mapema mno. Hesabu ya uhakiki hushuhudia kwamba faili halijabadilika tangu lilipohesabiwa. Haisemi kama siku hiyo lilikuwa sahihi. Ipo namba moja ya SHA-256 ambayo kila mtunza data anapaswa kuijua kwa kuiona: inaanza na e3b0c442. Ni namba ya faili tupu, lisilo na hata baiti moja. Ukipitia orodha yako ukaikuta namba hiyo imejirudia mara hamsini, una mafaili hamsini yasiyo na kitu, na kila robo mwaka programu itakuthibitishia kwa ukamilifu kwamba bado ni matupu.

Nakala hubeba pia ubovu wa chanzo chake. Mwisho wa Januari 2009 huduma ya Ma.gnolia, ambako watu walihifadhi viungo vya kurasa walizozipenda, ilizimika. Hifadhidata yake ya karibu nusu terabaiti ilikuwa imeharibika. Nakala rudufu ilikuwepo, lakini ilitengenezwa kwa kusawazisha mafaili ya hifadhidata na diski nyingine, hivyo uharibifu ulisawazishwa pamoja na kila kitu. Tofauti hii kati ya kusawazisha na kuhifadhi inawaponza wengi hadi leo, hasa wanaotegemea folda za wingu. Ukifuta kwenye simu, kinafutika na kule. Virusi vikifunga mafaili yako, mafaili yaliyofungwa ndiyo yatakayopanda wingu. Nakala inayostahili jina hilo ina vizazi: ya jana, ya wiki iliyopita, ya mwezi uliopita, ya mwaka jana. Na urefu wa vizazi hivyo lazima uzidi muda ambao kosa linaweza kukaa bila kuonekana. Kama wewe hutunza nakala za siku 30, na mhasibu hugundua hitilafu anapofunga hesabu za robo mwaka, basi nakala zako zote zimeshaambukizwa kabla hajafungua kitabu.

Sasa ukarabati. Hapa ndipo watu hutarajia muujiza, kwa hiyo nitauonyesha kwa tarakimu chache, kusudi ionekane kwamba yote ni hesabu. Chukua vipande viwili vya data: 1011 na 0110. Tengeneza cha tatu kwa kanuni hii: pale tarakimu mbili zinapofanana andika 0, zinapotofautiana andika 1. Utapata 1101. Weka vyote vitatu kwenye diski tatu. Diski ya pili ikifa, linganisha 1011 na 1101 kwa kanuni ileile, utapata 0110, kipande kilichopotea, bila kupungua chochote. Safu za diski zinazoitwa RAID 5 zimejengwa juu ya wazo hilohilo.

Lakini angalia kinachotokea pale ambapo diski haikufa. Kipande cha pili kimegeuka kimyakimya kikawa 0111. Ukihesabu upya utaona 1011 na 0111 zinatoa 1100, wakati kilichoandikwa ni 1101. Unajua kuna kutoelewana. Hujui mwongo ni nani kati ya watatu. Safu ya diski isiyo na hesabu ya uhakiki inaweza hapo kuandika upya kile kipande cha tatu, kana kwamba ndicho chenye kosa, na kwa kufanya hivyo ikaufuta ushahidi wa mwisho wa data ya kweli. Ndiyo sababu ukarabati unahitaji mambo mawili yakiwa pamoja: ziada ya kurudishia kilichopotea, na hesabu ya kumtambua aliyeharibika. Mfumo wa mafaili wa ZFS, uliotolewa na Sun Microsystems mwaka 2005, uliyaunganisha. Kila kipande kina hesabu yake iliyotunzwa mahali pengine, na kwa amri moja mfumo husoma diski zote, hukamata kipande kibovu, na hukiandika upya kutoka kwenye nakala nzima. Wasimamizi wengi huipanga kazi hiyo kila mwezi. Ukiwa na ZFS kwenye diski moja tu bila ziada, utaambiwa faili gani limeharibika, basi. Kulirudisha ni juu yako.

Asili ya haya ni ya zamani kidogo. Richard Hamming wa Bell Labs alichoshwa na mashine iliyokuwa ikiiacha kazi yake mwishoni mwa juma kila ilipokuta kosa, akajiuliza: kama mashine inaweza kujua kuna kosa, kwa nini isijue liko wapi na kulisahihisha? Makala yake ilitoka mwaka 1950. Mwaka 1960 Irving Reed na Gustave Solomon wakatoa kanuni ambayo leo imo ndani ya kila CD na kila msimbo wa QR unaouelekezea simu dukani. Ndiyo sababu msimbo uliochubuka kona bado unasomeka. Mtu binafsi anaweza kuitumia kanuni hiyohiyo kwa programu ya PAR2. Unachagua kiwango cha ziada, tuseme asilimia 10, na programu inatengeneza mafaili ya ziada. Ikitokea sehemu ya nakala imeharibika, ilimradi uharibifu hauzidi ziada uliyoitenga, programu inaijenga upya. Kwa nyaraka ambazo hazibadiliki tena, kama rekodi za sauti za wazee au picha za skani za hati za kale, naona ni uzembe kutofanya hivyo. Gharama yake ni sehemu ya kumi ya diski.

Maktaba zina njia yao, nayo naipenda kwa jinsi inavyoamini watu wengi kuliko mashine moja. Mradi wa LOCKSS ulioanza Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1999 huziacha maktaba mbalimbali zitunze kila moja nakala yake ya majarida, kisha mashine zao huulizana mara kwa mara kuhusu hesabu za uhakiki. Maktaba ambayo jibu lake linatofautiana na la wengi huchukua nakala nzima na kujitengeneza. Vyuo vyetu vya Afrika Mashariki, vyenye tasnifu za miongo mingi zilizochapwa mara moja na kuskaniwa mara moja, vingeweza kushirikiana hivyo bila kununua jengo la data.

Programu za kisasa za nakala rudufu, kama restic na Borg, zimeleta unafuu na hatari mpya kwa pamoja. Hukata data vipande, na kipande kinachojirudia hukihifadhi mara moja tu. Nakala za siku mia moja zinaweza kuchukua nafasi ya nakala mbili au tatu. Ina maana pia kwamba kipande kimoja kikioza, kimeoza katika siku zote mia moja zinazokitegemea. Kwa hiyo ukaguzi wa juujuu, unaoangalia orodha tu, hautoshi. Kuna amri ya kusoma data yenyewe, ambayo hutumia muda mrefu na ndiyo inayorukwa. Restic inaruhusu kusoma sehemu kila mara, wiki hii sehemu ya kwanza, wiki ijayo ya pili, mpaka yote yazunguke. Ni bora kuliko kuokota mafaili ovyo. Ikiwa una mafaili 100,000 na moja ni bovu, ukijaribu 1,000 ya kubahatisha nafasi yako ya kuligusa ni asilimia moja tu. Sampuli hukuambia kama nyumba nzima inaungua, haikuambii kuhusu chumba kimoja.

Ukikuta kipande kibovu, usikimbilie amri ya kutengeneza. Ukarabati katika programu hizi mara nyingi humaanisha kukata: faili lisilokamilika huondolewa kwenye nakala, au pengo hujazwa sifuri, ili zilizobaki zisomeke. Kwanza nakili hifadhi yote ilivyo, pamoja na ubovu wake, mahali pengine. Pili, tazama kama mafaili ya asili bado yapo kwenye kompyuta. Ukiitengeneza upya faharasa ya vipande na kuendesha nakala tena, restic inaweza kukiokota kipande kilekile kutoka kwenye chanzo na kuziba pengo hata katika nakala za zamani. Kukata kuwe hatua ya mwisho. Na vyombo hivi vyenyewe vinahitaji kuogopwa kidogo. Mwezi Desemba 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto kilipoteza takribani terabaiti 77, mafaili milioni 34, kwa sababu programu ya nakala rudufu ilihaririwa ikiwa bado inafanya kazi. Amri iliyokusudiwa kufuta kumbukumbu za zamani ikakosa jina la folda lake, ikafuta utafiti wa watu.

Yote niliyoyataja yanahusu baiti. Kuna ngazi ya juu zaidi, na ndiyo inayomhusu meneja, daktari na mwalimu mkuu: je, kazi inaweza kuendelea? PostgreSQL tangu toleo la 13 ina programu ya pg_verifybackup ya kuhakiki nakala, na waandishi wake wenyewe wanasisitiza kwamba bado lazima ujaribu kurejesha. Hifadhidata inaweza kuwa nzima kila baiti na isiwashwe kwa kukosa toleo linalofaa. Nakala iliyofungwa kwa nenosiri la mtu mmoja aliyehama kazi haina tofauti na nakala isiyokuwepo. Wenye simu wanalijua hili kwa uchungu tangu WhatsApp ilipoleta, mwaka 2021, nakala zilizofungwa kwa nenosiri au ufunguo wa tarakimu 64: ukisahau, hakuna ofisi ya kukusaidia.

British Library ya Uingereza ilivamiwa na wahalifu wa mtandaoni mwezi Oktoba 2023. Ripoti yake ya Machi 2024 inaeleza kwamba nakala salama za makusanyo ya kidijitali zilikuwepo. Kilichokosekana ni mahali pa kuzirejeshea. Seva zilikuwa zimeharibiwa, na baadhi ya mifumo ilikuwa ya kizamani kiasi kwamba isingeweza kusimamishwa tena hata kwa fedha. Wasomaji walisubiri miezi mingi. Nakala nzima ilikaa pale, haina pa kuishi.

Lakini kisa ambacho ningetaka kila msimamizi wa mifumo katika Afrika akijue ni cha Maersk, kampuni ya meli ya Denmark. Tarehe 27 Juni 2017 virusi vya NotPetya viliifuta mitandao yake duniani kote kwa muda mfupi sana. Kampuni ilikuwa na seva zipatazo 150 za kutunza utambulisho na ruhusa za watumiaji, na kila moja ilikuwa nakala ya nyenzake. Hakuna aliyekuwa amepanga siku ambayo zote zingekufa pamoja, na bila walau moja hakuna kingine kilichoweza kufufuliwa. Ikapatikana moja, Ghana. Umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio, ikawa nje ya mtandao. Data yake haikuweza kusafirishwa kwa intaneti ya pale kwa wakati, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Mmoja akapanda ndege na diski hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake uwanja wa ndege, ndipo ikafika Uingereza.

Kampuni ile iliokolewa na bahati, nasi tunaweza kuipanga bahati hiyo kwa makusudi: nakala moja iwe imechomolewa, haina waya, haina nenosiri linalofahamika kwenye mtandao wa kazi. Iwe pia mbali. Moto wa tarehe 10 Machi 2021 katika jengo la data la kampuni ya OVH mjini Strasbourg uliwapata wateja ambao data yao na nakala yake vilikuwa ndani ya ukuta mmoja. Kwetu umbali huo una bei yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na majirani. Aliyekuwa na nakala yake pekee Ulaya siku hiyo alikuwa na nakala asiyoweza kuifikia kwa urahisi. Hata siku njema, piga hesabu: terabaiti 2 kwa kasi ya megabiti 20 kwa sekunde ni zaidi ya siku tisa za kupakua mfululizo, umeme usikatike. Ofisi inayosema itarudi kazini kesho yake haijaifanya hesabu hii. Kwa hiyo nakala ya karibu kwa ajili ya haraka, na ya mbali kwa ajili ya msiba.

Kwa ofisi ndogo, jaribio la kila mwezi halihitaji mtaalamu wa kukodi. Mhasibu, wala si kijana wa TEHAMA, ataje tarehe yoyote ya miezi iliyopita. Nakala ya siku hiyo irejeshwe kwenye kompyuta nyingine, isiyokuwa na programu za ofisi, na anayerejesha afuate maelekezo yaliyoandikwa bila kumpigia simu aliyeyaandika. Mhasibu afungue mfumo, atoe jumla ya siku hiyo, ailinganishe na karatasi iliyotiwa saini siku hiyohiyo, kisha asaini daftari. Kwenye daftari iandikwe pia muda uliotumika. Ukiona mwezi huu kurejesha kumechukua saa saba na mwaka jana kulichukua saa mbili, data imekua kuliko vifaa, na ombi la fedha za diski na mtandao liende kwa meneja likiwa na namba hizo mbili juu yake.